Kaka, tuwekee geti njia ya bondeni

Kaka, assalaam alaykum. Natumai wewe na wifi na watoto hamjambo huko Leicester, Uingereza, sie huku wazima alhamdulillah, mama magoti tu ndio yanamsumbua. Nakwandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu kila nikianza hili jambo unanambia tutaongea baadae, na pia si wewe peke yako, ndugu zetu wengi walioko nje wananunua mashamba Pemba wanayazungushia ua bila kuuliza nani anapita wapi.

Ule ua wa seng'enge uliomwambia fundi apige umeziba njia ya bondeni. Unaijua njia ile, ndio tuliyokuwa tukishuka na bibi kwenda kupalilia mpunga, inatoka msikitini inakata kwenye mikarafuu inashuka mpaka bondeni, na ng'ambo ndio skuli. Haikuandikwa popote kwamba ni ya watu wote lakini hajawahi mtu kuzuiwa, hata babu alipopewa zile eka tatu baada ya Mapinduzi alipanda mikarafuu yake huku na huku njia akaiwacha. Sasa watoto wanazunguka barabara ya gari, na masika hii unalijua tope la huko, wanaochoka kuzunguka wanapenya chini ya waya. Juzi binti wa jirani kaja kwangu ushungi umechanika kutoka sikioni mpaka begani, nikaushona, lakini moyo wangu haukutulia kwa sababu waya ule ni wetu.

Mwaka jana ulinitumia picha umesimama katikati ya shamba la mtu, kondoo nyuma yako, ukanambia hii ni njia ya umma, mwenye shamba hana ruhusa ya kuifunga, na wazee waliostaafu wanakuja na makoleo yao kubadilisha geti bovu bila kulipwa hata senti. Ulifurahi sana siku ile. Mimi nikaenda kusoma, kumbe sheria yao ya barabara ya 1980 inamtaka mwenye ardhi atunze geti lililo kwenye njia ya umma na serikali ya mtaa imchangie angalau robo ya gharama, na siku hizi wanaona bora pawe wazi kabisa, ikishindikana ndio geti, vile vingazi vya kuruka ua viwe vya mwisho maana mzee na mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuruka.

Basi na sie tuna watu wetu, wanane, wanajitolea kila Jumamosi asubuhi, ukiwaona utawapenda. Washaweka mageti mawili, moja kisimani. Lile la kwanza liliinama mwezi haujesha, likawa linakwaruza chini, fundi akaja akapiga mbao ya mshazari kutoka bawaba ya chini kupanda mpaka upande wa komeo, halijainama tena. Nguzo ni za mvinje, wanazipaka oili chafu wanayopewa na mafundi wa honda ili mchwa wasizile, wanachimba futi mbili na kushindilia mawe. Halafu wanafunga kamba yenye chuma kizito, ukipita geti linajirudi lenyewe, na komeo unalisukuma kwa kiwiko kwa hiyo mwanamke mwenye ndoo kichwani hashushi kitu.

Hatukwambii uvunje ua. Najua unaogopa mbuzi, na msimu wa karafuu unaogopa wezi, na una haki. Tunaomba nafasi ya futi nne tu pale kwenye mwembe, njia ilipokuwa. Hatutaki pesa zako, bawaba tushanunua Chake na sheha nshazungumza nae, anasubiri kauli yako tu.

Nitumie jibu kabla ya Jumamosi kaka yangu. Nguzo mbili zishapakwa oili, zimeegeshwa ukutani kwa mama.