Kabla hujawapa ile milioni nane

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Nyegezi, sote hatujambo. Unasema unataka kuweka milioni 8 kwenye kampuni ya kufungasha dagaa pale Kirumba, Mwanza, wakupe asilimia 15 ya hisa. Maana yake kampuni nzima, pamoja na hela yako, wameithamini karibu milioni 53. Kabla ya kubishana bei, jua kwanza kama wanaoiendesha wanaweza kugeuka biashara inapogeuka. Mkurugenzi atakueleza vizuri sana, lakini wewe tazama madaftari na stoo.

Anza na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika. Omba stetimenti za benki na za lipa namba za miezi 12, uziweke sambamba na kalenda ya mwezi. Uongozi unaojua kazi huwa na fedha mkononi siku za giza, mzigo ukiwa umejaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na bei imeshuka. Ukikuta salio linakauka siku hizohizo mwezi baada ya mwezi, ujue wananunua kidogo wakati wa bei nzuri, kisha wanahangaika wakati wa bei mbaya.

Mara nyingi chanzo ni kukopesha wateja. Chukua jumla wanayodai, igawanye kwa mauzo ya mwaka, uzidishe kwa 365. Tuseme wanadai milioni 60 na mauzo ni milioni 240: wateja wanakaa na hela yao siku 91, ilhali dagaa mwaloni wanalipiwa taslimu. Hapo milioni zako nane zitaishia kuziba pengo, na gunia halitaongezeka hata moja. Uliza nani ana ruhusa ya kumkopesha mteja, na mwisho ni kiasi gani. Wakikujibu kwamba wanaelewana tu, hilo lina uzito kuliko mpango wa biashara waliokuonyesha.

Sasa mvua, na hapa nakuomba ukae sana. Jua likiwaka vizuri dagaa hukauka kwa siku moja. Mvua za Novemba na Desemba, kisha za Machi na Aprili, huwafanya waharibike kabla ya kukauka, na waliochacha huuzwa bei ya chini kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo omba hesabu ya magunia yaliyouzwa kwa ajili ya kuku, mwezi kwa mwezi, misimu miwili ya mvua. Kama msimu wa kwanza yalikuwa mengi na wa pili yamepungua, uliza walifanya nini: walijenga chanja, yaani vichanja vya kuanikia juu ya ardhi, zenye paa la nailoni, walikaanga, au walipunguza manunuzi? Tarehe ya risiti ya mbao na nailoni itakuambia kama waliamua mapema au walisubiri hadi mzigo uoze. Kama hesabu hiyo haipo kabisa, hasara ya mvua wanaiona kama kudra, na mwaka ujao itarudi vilevile.

Nenda stoo bila kutoa taarifa. Acha magunia ya mbele, chagua moja la nyuma, lifungue, uzamishe mkono hadi chini. Ukitoka na mchanga viganjani, dagaa hao walianikwa chini hata kama lebo inasema chanja. Hesabu magunia, ulinganishe na kadi ya stoo. Kisha muulize mtunza stoo, mkurugenzi akiwa mbali: mara ya mwisho uliporipoti mzigo mbaya, bosi alifanya nini? Mahali ambapo mleta habari mbaya hukemewa, mkurugenzi huwa wa mwisho kujua.

Jingine la karibu ni daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Gari la Sengerema na Geita halisubiri kivuko tena. Je, wamebadilisha ratiba? Wanapeleka mzigo mdogo mara nyingi, au bado wanarundika wa wiki nzima kwa mteja kama zamani? Wanaotazama mazingira yao walishapiga hesabu hiyo upya.

Angalia pia wanamuuzia nani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa letu la Victoria, na viwanda vya minofu ya sangara vilivyotegemea soko hilo vikaumia vibaya. Mteja mmoja akichukua zaidi ya theluthi ya mauzo, waulize wamejiandaaje siku akiondoka.

Karatasi hazichukui muda: taarifa za mwaka BRELA, kwa msajili wa makampuni, mauzo ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yalingane na daftari, na michango ya wafanyakazi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iwe imefika. Waliokata mishahara bila kupeleka wana deni, nawe utalibeba kwa sehemu yako.

Ukiridhika, baba, usitoe zote kwa mkupuo. Toa milioni 3 kwa kazi iliyotajwa kwenye mkataba, hisa za kiasi hicho zisajiliwe BRELA kwa jina lako, zilizobaki zisubiri msimu mmoja wa mvua upite. Stetimenti ukizipata nitumie, hata picha za simu zinatosha. Nitazipitia Jumapili, kisha tupigiane.

Mama yako