Mhariri, mashine tumezisikia, sasa tuongelee mikono na kopo la kinyama

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi, wewe na wasomaji wako wote. Mimi ni nesi mstaafu, nimefanya kazi kwenye zahanati na vituo vya afya vya huku Dodoma mpaka magoti yakaanza kunidai, na naandika kwa sababu Oktoba ya kila mwaka naona mambo ni yale yale, tisheti za pinki, matembezi, mgeni rasmi, alafu kesho yake gazetini picha ya mashine. Tisheti sina ugomvi nazo, hata mimi ninayo. Kinachoniuma ni kwamba saratani ya matiti tunaiongelea kama vile shida ni mashine ya mamografia tu, ile ya kupiga picha ya eksirei ya matiti, ikishafika mjini basi kazi imeisha. Haijaisha jamani.

Mashine ni nzuri, tusidanganyane. Tafiti za Ulaya na Marekani zimeonyesha kupima kwa mamografia kunapunguza vifo kama moja ya tano hivi, hasa kwa wanawake wa miaka 50 mpaka 69, na Marekani mwaka 2024 wakashusha umri, wakasema waanze na 40, kila baada ya miaka miwili mpaka 74. Sawa. Lakini ile mashine kazi yake ni kutafuta kitu ambacho mkono bado haukigusi, na sisi huku wagonjwa wengi wanatufikia hatua ya tatu na ya nne, ngozi imeshakuwa kama ganda la chungwa, chuchu imezama, mwingine ni kidonda kabisa amekifunika na kanga na harufu imeshamtenga na wenzake kanisani. Huyo ukimpeleka kwenye mamografia unamwambia nini asichokijua? Huyo alimhitaji mtu wa kumpapasa titi mwaka juzi. Na mabinti wa miaka thelathini matiti yao bado yamejaa, kwenye picha ya mamografia yanatoka meupe kote na uvimbe nao ni mweupe, hapo utrasaundi ndo inasaidia zaidi, na utrasaundi angalau wilayani zipo.

Sasa nisikilizeni hapa. India, mji wa Mumbai, kuanzia 1998 walichukua wanawake zaidi ya 150,000 wa miaka 35 mpaka 64, nusu wakawa wanapimwa matiti kwa mkono kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya waliofundishwa, narudia wahudumu, sio madaktari bingwa, na nusu wakapewa elimu tu. Wakafuatiliwa miaka 20 na majibu yakatoka 2021. Waliopapaswa, saratani zao zilikamatwa mapema, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya 50 vifo havikupungua, nalo nalisema wazi maana sipendi mtu anayeleta nusu ya habari. Ila asilimia 30 kwa mikono mitupu na kitanda chenye pazia! Zahanati gani ya Bahi au Chemba inashindwa pazia?

Kingine ni hii habari ya kujipima mwenyewe nyumbani kila mwezi, tunayoimbiwa kwenye redio. Wachina wa Shanghai waliwafundisha wanawake wa viwandani, utafiti ulikuwa na watu kama 266,000, wakafuatilia miaka zaidi ya kumi, vifo havikupungua hata kidogo, kilichoongezeka ni watu kukatwa vinyama, yaani vipande vya kupimwa maabara, vya uvimbe ambao sio saratani. Sisemi msijishike. Lijue titi lako, likibadilika uende. Ila tusimbebeshe mama wa kijijini mzigo wote alafu akija kwetu na uvimbe tunampa panadol na antibaotiki tunamwambia ni maziwa yameganda. Tena mama ana miaka 54, maziwa ya nani?

Na hapo ndo penye kosa la mipango yetu. Kila kitu cha wanawake tunakirundika kliniki ya mama na mtoto, na wanaokuja pale ni wa miaka ishirini na kitu, wakati wale ambao Mumbai wamefaidika ni bibi zao. Bibi haji kliniki ya watoto labda amesindikiza mjukuu. Bibi yuko kliniki ya presha na sukari, anakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi anasubiri dawa, na ikifika zamu yake anapimwa presha, anaandikiwa, anaondoka. Hakuna anayemuuliza titi. Siku ile ile, benchi lile lile, nesi wa kike aliyefundishwa angemaliza kazi kwa dakika chache. Na vikoba, na mikutano ya kina mama ya kanisani na msikitini, wako pale. Wababa nao msicheke, katika wagonjwa mia wa saratani ya matiti mmoja huwa mwanaume, na kwa sababu haamini kama ni yake anakuja amechelewa kuliko mkewe.

Lakini mkono ukishagusa kitu, ndo safari inaanza, na hapa ndo watu wanapotea. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka mwanamke akishafika na dalili, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60. Hebu mhesabie mama wa kijijini Kondoa. Zahanati inaandika rufaa, wilayani utrasaundi, daktari anasema lazima tuchukue kinyama, na neno kinyama likitajwa tu nusu wanakimbia, maana mtaani wanaambizana kisu kikigusa saratani inasambaa. Haisambai kwa sababu ya sindano. Inasambaa kwa sababu ya miezi mnayomaliza kwa mganga. Siku hizi wala hakuna kisu cha ajabu, ni sindano nene, ganzi, wanatoa vipande vyembamba vichache na unaenda nyumbani. Na afadhali iwe hivyo, maana bado kuna sehemu mtu anakatwa uvimbe wote kwanza bila kupimwa, wanagundua baadaye ni saratani, inabidi afunguliwe tena na mipaka ya ule uvimbe haijulikani tena.

Niliwahi kuona hospitali moja, siitaji, kinyama cha mama mmoja kimewekwa kwenye maji ya dripu kwa sababu fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isiharibike, iliisha, kikakaa hapo wikendi nzima, kikatumwa mkoa mwingine, jibu likarudi kwamba kimeharibika, kirudiwe. Mama hakurudi. Na kitu chenyewe kilichokosekana ni dawa ya chupa ambayo haifikii bei ya matenti ya hayo matembezi ya Oktoba. Kinyama kinatakiwa kiingie fomalini ndani ya saa moja, fomalini iwe nyingi kama mara kumi ya nyama, kopo liandikwe jina na saa. Basi. Maana maabara haitafuti kama ni saratani tu, inatafuta pia kama saratani hiyo inalishwa na homoni, na ikiwa inalishwa na homoni kuna vidonge vya tamoksifeni, vya bei nafuu, vya kunywa miaka mitano au zaidi, vinavyookoa watu kweli. Kinyama kikiharibika daktari anabaki kubahatisha.

Nije kwenye upasuaji, maana huko ndo maendeleo makubwa yapo na ndo watu wetu wanaogopa zaidi. Zamani, miaka ya 1890, William Halsted kule Baltimore alikuwa anaondoa titi lote, misuli ya kifua chini yake na tezi za kwapani, akiamini ukikata zaidi ndo unapona zaidi, na dunia ikamfuata karibu miaka 80. Alafu wakaja Bernard Fisher wa Pittsburgh na Umberto Veronesi wa Milan, wakalinganisha kwa haki, wengine titi lote, wengine uvimbe tu na mionzi. Mwaka 2002 walitoa majibu ya miaka 20 na uhai ulikuwa sawa. Kwa hiyo mama ukiambiwa saratani sio lazima titi liende, kama umewahi. Kwapani nako, tangu miaka ya 1990 wanapiga sindano ya rangi ya bluu karibu na uvimbe, wanaangalia tezi gani inapokea rangi kwanza, wanatoa hiyo moja au mbili, zikiwa safi nyingine zinaachwa. Mnajua hiyo ina maana gani kwa mwanamke wa Hombolo anayepogolea zabibu, anachota maji, anatwanga? Tezi zote zikiondolewa mkono unaweza kuvimba maisha yake yote, na hapo jembe basi.

Ila kuna kitu hawatuambii. Uvimbe ukitolewa peke yake bila mionzi, kwenye utafiti wa Fisher uliwarudia kwenye titi lile lile asilimia 39 ndani ya miaka 20, waliopata mionzi ni 14. Kwa hiyo kubaki na titi ni suala la nauli. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kwetu akiambiwa mionzi maana yake hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, wiki tano za zamani, anakaa kwa nani? Anakula nini? Mbuzi zinauzwa, mtoto anaacha shule. Daktari wa upasuaji anayejua hayo anaondoa titi lote na simlaumu, anaokoa maisha na anaokoa mbuzi. Treni ya SGR tangu 2024 imefupisha safari lakini haikulipii chumba Dar. Habari njema ni kwamba Waingereza mwaka 2020 walitoa utafiti wakaonyesha kwa wagonjwa wengi waliowahi kufika mapema, mionzi ya siku tano, wiki moja tu, inafanya kazi ile ile ya wiki tatu. Wiki moja hata shangazi wa Mbagala anakuvumilia. Hilo ndo ningependa wabunge wetu waulizie, wapo hapa hapa Dodoma, hawahitaji nauli, waulize mgonjwa wa kanda ya kati anapewa ratiba ipi na wakati wa kusubiri mionzi anakaa wapi.

Na wakurugenzi wa halmashauri, nyie nina ombi dogo sana. Kabla ya Oktoba hii, kila kituo cha afya kiwe na fomalini ya kutosha, na kila kliniki ya presha iwe na nesi mmoja aliyefundishwa kupapasa matiti na anayeshika daftari la rufaa, mtu akiandikiwa asipofika apigiwe simu. Wa kuwafundisha akikosekana mimi nipo, nimestaafu lakini mikono bado inajua. Mpwapwa nakuja, Kongwa nakuja, nauli kutoka stendi ya Nanenane najilipia, nyie andaeni chai na hilo pazia.

Nesi mstaafu,
Dodoma