Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa, Tukuyu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu: chanjo zilifanyika, dawa ya kuogeshea ilinunuliwa kwa pamoja, na maziwa yaliendelea kupokelewa kituoni. Sitawachosha kwa hayo.

Kilichozua maneno ni uamuzi wa kununua hereni za kielektroniki, za kuvishwa ng'ombe sikioni ili atambulike, na kisomaji chake, kwa shilingi milioni 4 na ushee. Imesemwa, tena na wasiohudhuria vikao, kwamba mwenyekiti amekiingiza chama katika majaribio ya wageni. Teknolojia hii ya kutambua kitu kwa mawimbi ya redio si ya jana. Mhandisi Mmarekani, Charles Walton, aliyepata kuwa mwajiriwa wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alianzisha kampuni yake, Proximity Devices, mwaka 1970, na mwaka 1973 akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kadi inayofungua mlango kwa mawimbi ya redio; kampuni ya makufuli ya Schlage ikalipia haki ya kuitumia. Mrabaha wake wote, yaani malipo ya matumizi ya uvumbuzi wake, uliishia takriban dola milioni 3 tu, kwani hataza zake kuu zilikwisha muda kabla ya Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, miaka ya 2000, kuwataka wanaoiuzia bidhaa kuweka vitambulisho vya aina hiyo kwenye mizigo. Kitu kilichokomaa kiasi hicho hakiwezi kuitwa majaribio.

Hereni haina betri. Kisomaji ndicho huipa nguvu kwa mawimbi, nayo hujibu kwa namba yake ya tarakimu 15. Mawimbi yake, ya kilohezi 134.2, hayazuiwi na tope wala maji, na kwa mvua zetu za Rungwe kila mmoja anajua rangi ya kupaka ubavuni hudumu siku ngapi. Ni kweli kisomaji husogezwa karibu na sikio; hakuna aliyeahidiwa kwamba hereni itamfuata mwizi hadi Kiwira. Itamaliza ubishi wa ng'ombe yupi amechanjwa na mtamba ni wa nani. Punguzo la bei nililitafuta mwenyewe, kwa nauli yangu.

Mkutano ulioamua ulihudhuriwa na wanachama 31 kati ya 86, idadi inayotosheleza akidi ya theluthi moja kwa mujibu wa katiba yetu. Wanachama 46 hawajalipa ada, jumla shilingi 1,840,000, na baadhi yao ndio wanaodai hesabu kwa sauti kubwa zaidi.

Mwaka ujao, Mungu akijalia na ada zikilipwa, kamati itaangalia uwezekano wa kuwavisha hereni na ndama.