YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTOAJI WA POINTI KATIKA PROGRAMU YENU YA WAGONJWA WA KISUKARI

Nkuhungu,
Dodoma.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, ametumia programu yenu ya simu kwa miezi minne. Sipingi mchezo kuingizwa katika tiba, kwani mama, ambaye zamani kumkumbusha kupima sukari kulikuwa ugomvi, alianza kuamka mwenyewe alfajiri kuitafuta nyota inayotolewa na programu. Tatizo ni kwamba nyota hiyo haitolewi kwa sababu mtu amepima, bali kwa sababu kipimo cha sukari kwenye damu kimekuwa chini ya 7 (mmol/L, yaani milimoli kwa lita); anayezidi hapo hupoteza pointi zote za wiki, na jina lake hushuka katika orodha inayoonwa na wanakikundi wote.

Mwezi uliopita, kliniki, muuguzi aliweka mezani simu ya mama na mashine yake ya kupimia, akafungua kumbukumbu ya mashine na kulinganisha tarehe kwa tarehe. Simu ilikuwa na 6.4, mashine 11.8. Simu 6.1, mashine 13.2. Mama aliinama, akashika pindo la khanga yake, akasema aliona haya kuwa wa mwisho. Mama yangu si mwongo, na daktari alikuwa karibu kuiacha dozi kama ilivyo kwa kuziamini namba hizo.

Lililonitisha zaidi lilitokea Jumamosi moja, sukari iliposhuka hadi 3.3. Mama anatetemeka, jasho linamtoka, na programu inamwandikia "Hongera!", ilhali mgonjwa aliye chini ya 3.9 anatakiwa kupewa sukari ya haraka, kiasi cha gramu 15, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Maji ya sukari nilimkorogea mwenyewe.

Naomba pointi zitolewe kwa kupima na kuandika kipimo cha kweli, kiwe cha juu au cha chini, na kipimo kilicho chini ya 3.9 kifuatwe na onyo lenye maelekezo. Orodha ya majina iondolewe hadi kila mhusika aridhie, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Kwa sasa mama anaandika vipimo vyake kwenye daftari.

Wako mwaminifu,

Binti wa mteja wenu