Njaa Ikiwa Bado Imelala

Rafiki yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilishukuru tu kwamba umetoka salama kwenye upasuaji wa kupunguza uzito na vidonda vimefunga. Mara ya pili niliguswa na malalamiko yako kuhusu mizani. Mara ya tatu nikakwama kwenye maneno uliyoyaandika kwa kupita tu: "Njaa siisikii kabisa, nadhani hilo limekwisha." Hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu usiku huu huu.

Shoga, njaa haijakwisha. Imelala.

Daktari alipokuondolea sehemu kubwa ya tumbo, kama asilimia 80, akakuachia mrija mwembamba, alitoa pia lile eneo la juu linalotengeneza kwa wingi grelini, homoni inayouambia ubongo kwamba saa ya kula imefika. Ndiyo maana sasa unaiangalia sahani na hisia yoyote haikujii. Mimi niliyefanyiwa baipasi, aina nyingine ya upasuaji huo, sikutolewa tumbo. Lilitengwa, nikabaki na kifuko kidogo cha ukubwa wa yai, na sehemu ya kwanza ya utumbo ikarukwa. Lakini ukimya ulikuwa ule ule. Kwa miezi saba hivi sikujua njaa ni kitu gani, nikaamini nimepewa mwili mpya. Kisha ikarudi, mwanzo kwa kunong'ona, na mwaka wa pili kwa sauti niliyoifahamu vizuri.

Ilinikuta sijajiandaa. Ile miezi ya ukimya niliipoteza. Kwa kuwa chochote nilichokula kilinishibisha, na kilo zilikuwa zinashuka tu, sikuona sababu ya kujifunza kitu. Asubuhi chai na biskuti mbili, mchana mtindi ukiwepo, jioni nimechoka nalala. Nilianza na kilo 128, mwezi wa 16 tangu upasuaji nikafika 86, watu wananipongeza. Kisha nikaanza kudonoadonoa. Sikuwa nakula chakula kikubwa, kwani hakiingii. Ni karanga kidogo hapa, kipande cha keki pale, aiskrimu kwa sababu inateleza. Vitu laini na vitamu haviulizi ukubwa wa tumbo. Vinayeyuka na kupita, unaweza kuvila mchana kutwa. Ndani ya mwaka mmoja nilifika 96. Leo nina 91, na hizo tano nilizozishusha tena zimenitoa jasho kuliko zile 42 za mwanzo.

Kwa hiyo nakuomba, mwenzangu, huu wakati ambapo njaa haikusumbui utumie kujijengea mazoea. Akiba haiozi.

Anza na protini. Mtaalamu wangu wa lishe aliniwekea gramu 60 hadi 80 kwa siku, na nina hakika wako amekutajia kiasi kama hicho. Sasa piga hesabu: yai moja lina gramu kama sita, glasi ya maziwa kama nane. Kwa tumbo linalojaa kwa vijiko vinne au vitano, huwezi kufika huko kwa bahati. Ni lazima upange toka asubuhi. Kila mlo protini itangulie: samaki, yai, maharage yaliyoiva yakalainika, nyama ya kusaga yenye mchuzi. Mboga zifuate, na mkate au wali uwe wa mwisho, nafasi ikiwepo. Mara nyingi haitakuwepo, na ni sawa.

Tafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Weka kijiko mezani kati ya tonge na tonge. Mlo uchukue dakika 20 au 30. Na jifunze dalili ya mwili wako ya kusema basi, kwa sababu ile shibe ya zamani haipo tena. Kwangu ni pua: ghafla inaanza kuchuruzika kamasi. Rafiki mwingine aliyefanyiwa kama wewe hupata kwikwi. Ukiona dalili yako, acha hapo hapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Kile kijiko cha mwisho ndicho kinachokupeleka chooni kutapika.

Maji usiyachanganye na chakula. Yanachukua nafasi ya chakula, au yanakisukuma kishuke upesi kabla hujashiba. Ukimaliza kula subiri nusu saa, halafu anza kunywa funda mojamoja hadi mlo unaofuata. Lita moja na nusu kwa siku inaonekana kama mlima ukiwa na tumbo dogo, kwa hiyo chupa isikutoke mkononi. Ule uchovu na maumivu ya kichwa uliyoyataja, mimi nashuku maji kwanza.

Na sukari, uiogope kidogo. Mwezi wa tatu nilikunywa glasi nzima ya juisi ya matunda kwa mkupuo, nikidhani matunda hayawezi kunidhuru. Haikupita robo saa, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitoka mwili mzima, tumbo likakatika, nikalala chini sakafuni. Kitu kitamu kikishuka kwa kasi kwenye utumbo, mwili hupata mshtuko. Kwa sisi wa baipasi hutokea zaidi, lakini ninyi pia huwapata.

Sasa hilo la mizani. Unasema siku kumi na moja zimepita inasoma namba ile ile, na umeanza kujiuliza kama upasuaji umeshindwa. Haujashindwa. Wiki za mwanzo mwili hutumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi. Vikitoka, kilo huporomoka. Baada ya hapo mwendo hupungua, tena hukatika na kuanza upya. Mimi nilisimama wiki ya tatu, nikasimama tena mwezi wa tano kwa karibu wiki nne, nikalia kama niliyefiwa. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kisha mizani irudi kabatini. Pima na kiuno, kwa futi ya fundi cherehani. Nilipokuwa nimesimama ule mwezi wa tano, kiuno kilipungua sentimita nne.

Lakini kuna neno gumu zaidi, na nalisema kwa sababu nakupenda. Umeandika kwamba mwakani wakati kama huu unataka uwe na kilo 60, kama siku ya harusi yako. Uliingia chumba cha upasuaji na kilo 118. Kwa upasuaji kama wako wengi hupoteza karibu robo ya uzito wote, wengine zaidi kidogo. Robo ya 118 ni kama kilo 30. Maana yake ukifika 88 upasuaji utakuwa umefanya kazi yake sawasawa, na kila kilo zaidi ya hapo ni nyongeza. Ukiishikilia 60, utafika 88 ukiwa na huzuni, na huzuni hiyo ndiyo inayotuma mkono kwenye biskuti. Naijua kwa jina.

Kuna utafiti wa Uswidi ulioanza mwaka 1987, uliofuatilia maelfu ya watu kwa miaka mingi. Waliofanyiwa baipasi walifika chini kabisa ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, wakiwa wamepoteza asilimia 32 ya uzito. Baada ya miaka 10 walikuwa asilimia 25 chini ya walipoanzia. Kilo kadhaa zilirudi. Hata hivyo, katika utafiti huo huo, waliofanyiwa upasuaji walifariki wachache kuliko wenzao wenye unene kama wao ambao hawakufanyiwa. Nilipoyasoma hayo ndipo nilipoacha kujiita mtu aliyeshindwa kwa sababu ya zile kilo tano ambazo bado sijazishusha. Silali tena na mashine ya kupumulia. Nafunga kamba za viatu bila kushika pumzi. Dawa za presha zilikuwa tatu, sasa ni moja.

Na hapo kwenye dawa, usifanye uzembe. Mwezi wa pili nilikuwa naona giza kila ninaposimama, kumbe namezeshwa dozi ya mtu wa kilo 128 wakati mwili umeshabadilika. Wewe una dawa za sukari. Usingoje tarehe ya kliniki, mpigie daktari wako, umweleze vipimo unavyovipata nyumbani. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usizinunue kiholela, zinaweza kuleta donda tumboni. Ukitapika siku mbili mfululizo hata maji hayakai, nenda hospitali bila kuona aibu ya kusumbua watu. Vitamini B1 huisha mwilini ndani ya wiki chache, na ikiisha hudhuru mishipa ya fahamu na ubongo. Maumivu makali ya tumbo, homa au moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu, hayo ni ya kukimbilia hospitali saa ile ile.

Umeniambia vidonge vya vitamini umeviacha kwa sababu utumbo wako haukuguswa. Naomba uvirudie kesho asubuhi. Ili mwili uchukue B12 unahitaji asidi na protini maalumu vinavyotoka tumboni, na sehemu kubwa ya tumbo hilo huna tena. Madini ya chuma nayo huteremka, hasa kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi. Mimi nilikuwa mvivu wa vidonge, na mwezi wa nane nilishindwa kupanda ngazi za ofisini. Damu ilikuwa imepungua vibaya. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, vitenganishe kwa saa mbili. Na vipimo vya damu ni vya maisha yote, hata mwaka unaojisikia mzima kabisa.

Nywele zitaanza kudondoka mwezi wa tatu au wa nne. Nakuandalia moyo mapema. Zitajaa kwenye kitana, utaogopa. Ni mshtuko wa upasuaji na kupungua kwa haraka, na kwa wengi huacha zenyewe baada ya miezi kadhaa zikaota tena, ilimradi protini na chuma vipo.

Kuhusu kupata mtoto, madaktari wengi hutaka usubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Uzito ukishuka, mayai ambayo yalikuwa yamezubaa huamka, na wengi hushtuka wakijikuta na mimba wasiyoitarajia. Zungumza na daktari kuhusu kuzuia mimba mapema.

Mazoezi. Nimefurahi umeanza, lakini hizo mbio za asubuhi, wiki saba tu baada ya upasuaji, zinanitia wasiwasi. Unakimbia ili mizani ishuke, na mazoezi hayana nguvu kubwa hivyo ya kuishusha. Kazi yake ni nyingine: kulinda misuli, na baadaye kuzuia kilo zisirudi. Mwili unaopungua haraka hauchomi mafuta peke yake, huchoma na nyama. Tembea kwa mwendo wa kukutoa jasho, nusu saa, siku tano kwa wiki. Jumla ni dakika 150, na zinatosha kwa sasa. Halafu daktari akikuruhusu kuinua vitu, ongeza mazoezi ya nguvu siku mbili au tatu. Huhitaji jimu. Kaa kwenye kiti na kusimama bila kushika, mara kumi. Sukuma ukuta kwa mikono miwili, mara kumi. Pumzika, rudia. Nilianza hivyo huku magoti yakinilalamikia, na leo ndiyo mazoezi pekee ambayo sijawahi kuyaacha. Ningeyaanza mwezi wa pili badala ya mwaka wa pili, naamini ngozi na mgongo wangu vingekuwa na hali nyingine. Ngozi ya tumbo imelegea, sitakuficha. Nimeizoea, ingawa zipo siku inaniuma kuiangalia.

Watu je? Watasema umepita njia ya mkato. Dada wa mume wako ameshasema, nimeona. Huna deni la maelezo kwake. Kinachoumiza zaidi ni wanaokupenda, wanaokujazia sahani kwa upendo na kununa usipoimaliza. Hao waeleze mara moja, kwa upole, kisha jipakulie mwenyewe kwenye sahani ndogo.

Na kuna ile njaa nyingine, isiyotoka tumboni. Saa nne usiku, nyumba imetulia, umegombana na mtu au umechoka na maisha, na mkono unatafuta kitu cha kutafuna. Hiyo kisu cha daktari hakikuigusa. Mimi nilikwenda kwa mshauri nasaha mwaka wa tatu, nikagundua kwamba tangu utotoni chakula ndicho kilichokuwa kikinibembeleza. Sasa ikifika saa hiyo namwandikia mtu. Ukiona ujumbe wangu usiku wa manane, ujue ni hilo. Na wewe uniandikie, saa yoyote.

Jumapili nitakupigia. Uwe na daftari, umeandika ulichokula siku tatu, gramu za protini na chupa ngapi za maji. Majibu ya damu yakitoka nisomee yote, hata yale usiyoyaelewa. Tutakaa nayo pamoja tuandike maswali ya kumpelekea daktari.

Wako wa siku zote,
Rafiki yako