Aliyeugua homa ya ini arudi kazini taratibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la wafanyakazi wanaorejea kazini baada ya kuugua homa ya ini aina ya B. Mimi ni mmoja wao. Macho yaliacha kuwa ya manjano, ila uchovu ulibaki. Siku ya kwanza ofisini nilikaa chini katikati ya ngazi, faili mkononi. Kikombe changu cha chai nilikikuta kimetengwa dirishani, ingawa virusi hivi huambukiza kupitia damu na majimaji ya mwili, si kikombe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu. Mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto haisubiri hiyo nusu. Anarudi angali anayumba. Nashauri waajiri wa hapa Moshi, kwa maelekezo ya daktari, wamruhusu mtu aanze kwa nusu siku kwa wiki chache bila kumkata mshahara. Wenzetu wanaouza ndizi Mbuyuni hawana hata likizo hiyo. Nao wanahitaji kuandikiwa barua yao kama hii.

Msomaji wenu,
Soweto, Moshi