Mayai hayasubiri: neno kwa meza kubwa za Jumapili

Majuzi mteja alipiga simu kwenye mkahawa wetu wa Kiitaliano cha Marekani kuweka meza ya watu tisa, Jumapili saa tano. Aliyepokea ni mpwa wangu, mzaliwa wa hapahapa Columbus. Kiswahili anakiongea, ila saa zake ni za Kimarekani, akaandika 5 jioni. Jumapili saa tano asubuhi watu tisa hao mlangoni, wamependeza, wametoka misa ya kwanza, na meza zimejaa. Tukawabananisha pembeni, wakala, wakacheka. Tangu siku hiyo ukipiga simu utaulizwa "saa tano ya asubuhi au ya usiku?" Usione tunakudharau.

Kosa hilo lilikuwa letu. Ninaloandikia leo tunagawana: kufika mmojammoja.

Branchi kwa mtu wa kwetu si jambo geni, ni chai ya saa nne iliyonogewa ikafika mchana. Tatizo ni mayai. Chakula kinachoagizwa zaidi ni mayai ndani ya sosi ya nyanya, ambayo watu wa Naples huyaita uova in purgatorio, mayai ya toharani. Tunakaanga kitunguu saumu na pilipili kavu kwenye mafuta ya zeituni, tunatia nyanya. Sosi ikishakuwa nzito tunachimba vishimo kwa mgongo wa kijiko, kila kishimo yai moja, tunafunika. Dakika tano, sita hivi, ute umeshika na kiini bado kinatiririka. Hapo ndipo pa kula. Likikaa mezani kumsubiri rafiki anayetafuta maegesho, lile joto la sosi linaendelea kulipika, na kiini kinakuwa kama chaki.

Kwa hiyo meza ya watu sita na zaidi tunaikalisha nusu yenu mkishafika, lakini oda za mayai haziingii jikoni mpaka mtimie. Jiko letu lina mafiga sita tu ya gesi. Nikipika kwa awamu tatu, wa kwanza wamemaliza kabla wa mwisho hawajaonja.

Mnaowahi msikae na njaa. Agizeni vinavyovumilia: lasanya (tambi pana za tabaka), mkate wa kitunguu saumu, au bakuli la mabonge ya nyama kwenye sosi. Haya mabonge ni ya Kiitaliano cha Marekani hasa. Waitaliano wa kusini waliomiminika nchi hii kuanzia miaka ya 1880 mpaka sheria ya uhamiaji ya 1924 ilipowafungia mlango, walitoka kwenye umaskini ambako nyama ilikuwa ya sikukuu. Huku wakaipata kwa bei wanayoimudu, bonge likanenepa, likapandishwa juu ya tambi. Naples kwenyewe vibonge ni vidogo, na kwa kawaida haviliwi kwenye sahani moja na spageti.

Wateja Waislamu huuliza kuhusu nguruwe, na wana haki, kwa sababu mikahawa mingi ya aina hii huchanganya ng'ombe, ndama na nguruwe kwenye bonge moja. Yetu ni ng'ombe mtupu, ila nyama si ya halali, nisikudanganye. Karbonara, zile tambi za mayai na jibini, ina nguruwe. Ile sosi ya rangi ya waridi, inayopendwa na watoto, ina vodka kwelikweli, na kuchemka hakuimalizi yote. Mayai ya toharani hayana nyama wala pombe, na kikaangio chake hatukitumii kwa kingine.

Bili ya kila mtu kivyake inawezekana, mtuambie kabla ya kuagiza. Kuigawa baadaye, kila mtu akikumbuka juisi ya mwenzake na kusahau yake, kunachukua muda kuliko kupika.

Branchi ni Jumamosi na Jumapili, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Meza ya dirishani inakaa watu tisa, mkibanana kumi.